Waya Uliopita Nyuma ya Migomba

Mambo yote yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, mwaka ule mvua zilipokataa kukoma. Tusekile aliamka kifua kimembana, midomo imepauka, akashindwa hata kumalizia chai. Gari la wagonjwa likapigiwa simu na, tuseme kweli, lilikuja. Lilikuja likasimama ng'ambo ya mto, kwa sababu kalavati la kuvukia lilikuwa limeahidiwa kampeni tatu mfululizo, na mara zote tatu lilijengwa mdomoni likaishia mdomoni. Hezroni akambeba mkewe mgongoni, akaingia majini. Maji yakamfika kifuani. Walipofika katikati, simu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati ikachomoka. Aliiona ikimeta mara moja kabla haijamezwa na yale maji ya tope, akaiacha iende, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeshikilia miguu ya Tusekile.

Tusekile alikata roho kabla gari halijafika kituo cha afya cha Ipinda. Na ndani ya simu ile ndimo zilimokuwa picha zake zote, na sauti yake pia, zile salamu alizokuwa akimtumia mumewe akiwa shambani: njoo ule, mboga inapoa. Kwa hiyo siku moja, kwenye mto mmoja, Hezroni alipoteza mke na sura ya mke. Kilichobaki ni kile kipicha cha kadi ya kupigia kura, Tusekile amekodoa macho kama mtu anayesingiziwa wizi.

Msibani wakubwa walikuja. Walikaa viti vya mbele, wakala wali, wakatoa pole kwa kipaza sauti, na mmoja wao, diwani, akasema kalavati lipo kwenye mpango. Tangu hapo Hezroni akawa hana mazungumzo ya kawaida. Ukimwambia kokoa mwaka huu imeshika vizuri, atakuuliza itavushwa wapi. Ukimwambia mchungaji amehubiri vizuri, atakuuliza kama amemhubiria yule mwenye mpango. Alisoma mpaka darasa la nne, na alipenda kusema kwamba kuona kalavati halipo hakuhitaji cheti.

Hivyo ndivyo alivyoishi mwaka mzima na zaidi, mdomo mchungu kama amelamba nyongo, mpaka Jumamosi moja dada yake alipokuja na sahani ya mbalaga, ndizi za kupika, na habari.

Dada huyu, Tusajigwe, ndiye aliyekuwa akipeleka na kuleta maneno kati ya nyumba mbili za ua ule. Nyumba ya mbele ni ya Hezroni. Ya nyuma ni ya mwanawe Lugano, dereva wa lori la mchele, mtu anayelala barabarani kuliko kitandani kwake. Lugano asipokuwepo, na mara nyingi hayupo, nyumba ya nyuma hukaa mkewe Jovina peke yake. Jovina ni mzaliwa wa Muleba. Alikuja Kyela akiwa msichana, baba yake mtumishi aliyehamishiwa huku. Baba akahamishwa tena, binti akabaki. Kazi yake ni kupiga video: harusi, kipaimara, kwaya, misiba. Usiulize nani amempiga video bibi harusi wa Talatala, ni yeye.

Sasa, kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Wenyewe wanaita ukutila, kuogopana kwa heshima. Mkamwana akisikia baba mkwe anakuja, hupinda njia, hata kama pembeni ni tope. Hamtaji jina, hamsalimii, hawakai chumba kimoja. Na baba mkwe mwenye adabu zake hukohoa kabla hajakata kona. Siku hizi wengi wamelegeza, wapo wanaopanda bodaboda moja bila haya. Lakini Jovina alifundishwa na Tusekile mwenyewe, na kama ujuavyo, aliyesilimu huwashinda kwa sala waliozaliwa ndani ya dini. Miaka yote ile Hezroni alikuwa hajauona uso wa mkamwana wake sawasawa. Alijua kitenge, mgongo, na kandambili zinazokimbia.

Tusekile alipokuwa hai hilo halikuwa tatizo. Kila neno lilipita kwake, likitoka nyumba ya nyuma likiwa na chumvi kidogo na kurudi likiwa na sukari. Alipoondoka, kazi ikamwangukia Tusajigwe, ambaye alikuwa analalamika kila siku kwamba yeye si antena.

Habari ya Jumamosi hiyo ilikuwa hivi. Jovina alikuwa anamtafutia mteja harusi ya zamani ndani ya diski yake kubwa. Akiwa anapitisha picha haraka haraka, akamwona mama mkwe, kule nyuma ya wapambe, amebeba sufuria. Akasimamisha. Akaangalia harusi nyingine ya mwaka huo huo: mama mkwe tena, safari hii anacheza na wanakwaya. Miaka yote ile Jovina alikuwa akipiga video za watu, na Tusekile hakukosa shughuli hata moja. Yumo. Hakuna ajuaye yumo mara ngapi, lakini yumo.

Hezroni alikuwa na kipande cha ndizi mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Kwenye hiyo ya sufuria," akauliza, "anafanya nini?"

"Anacheka, kaka. Lile pengo lote liko nje."

Hakumaliza mbalaga. Aliinuka, akatoka, akarudi, akakaa, akainuka tena. Dada yake aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemwona kaka yake akitembea namna ile tangu siku alipopeleka mahari.

Shida ilikuwa namna ya kumwona. Walijaribu flash: televisheni ya Hezroni ikaikataa kama mgonjwa anavyokataa uji. Simu ya Tusajigwe ilikuwa na kioo kidogo, na macho ya Hezroni hayakuwa ya kuona mtu mwenye ukubwa wa punje ya mpunga. Na zaidi ya hayo, video zenyewe zilikuwa za miaka, zisizo na mpangilio, na Jovina alikuwa na wateja wanaosubiri. Asingeweza kukaa kutwa akimtafuta Tusekile kona kwa kona. Hezroni angeweza. Hezroni alikuwa tayari kuangalia harusi za wilaya nzima, keki zote na hotuba zote za kamati, ili mradi mkewe apite nyuma na sufuria. Lakini ile diski ndiyo ugali wa Jovina, haitoki ndani. Na ndani kwa mkamwana, Hezroni haingii. Mke wake alikuwa hapo hapo uani, ndani ya nyumba ambayo mume hawezi kukanyaga kizingiti chake.

Jovina akatuma neno: tuvute waya. Kompyuta ile ya zamani aliyoileta Lugano kutoka Mbeya ikae kwa baba, waya utoke kwenye kiboksi changu cha swichi, kile cha kugawia mtandao, mpaka kwake, naye atafungua diski yangu akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mtandao wa hewani, usio na waya, walishaujaribu. Kati ya mabati na migomba iliyolowa, ulifika mlangoni ukafa.

Hezroni, kama kawaida yake, akataka kujua mtandao huo ni wa nani. Unalipiwa wapi? Mnara wake uko wapi, na nani atakuja kuuzindua akiwa amevaa miwani myeusi? Tusajigwe akaenda, akarudi: hauna mnara, hauna vocha, hauna mkubwa. Ni waya wa nyumbani. Unatoka kwa Jovina unaingia kwa Hezroni, basi. Haujui hata kama kuna serikali.

Hapo Hezroni alitabasamu. Kitu kisichopitia ofisi yoyote, kisichosubiri mpango wala bajeti, kitu ambacho mtu akikichimbia asubuhi jioni kinafanya kazi! Alisema tangu nchi hii ipate uhuru hajawahi kusikia jambo la maana namna hiyo, akaenda kunoa jembe.

Boksi la waya likaja na lori la Lugano, boksi zima, waya mwingi hata wa kugawia majirani. Likaja na mabomba ya plastiki ya kuulinda na maji, na vichwa vidogo vya plastiki vinavyoangaza kama meno ya mtoto. Lugano akashusha, akala, akaondoka na mchele wake. Hezroni akasimama uani akiutazama ua. Kutoka dirisha lake mpaka dirisha la chumba cha kazi cha Jovina palikuwa mahali pa kutupa jiwe bila kujikaza. Tusajigwe akasema si upite hapa hapa, ukate moja kwa moja.

"Hapa?" Hezroni akamtazama kama amemtukana. "Pipa lake la maji lile. Kamba yake ya nguo ile. Jiko lake lile pale. Nichimbe mtaro mbele ya mlango wa mkamwana, nimevua shati, jasho linanitiririka, nimekuwa nani?"

Akachagua njia ya heshima. Mtaro ukatoka nyuma ya nyumba yake, ukapita kwenye migomba, ukalizunguka banda la ng'ombe kwa mbali maana ng'ombe nao wana kwato, ukashuka mpaka kwenye masanduku ya kuvundikia kokoa, ukapita kando ya meza za kuanikia, ukapanda tena nyuma ya choo, ukaja kutokea chini ya dirisha la Jovina kama mgeni aliyepotea. Alichimba siku tatu kwenye udongo mweusi unaonata, akiimba. Watu waliokuwa wakienda kwenye majaruba yao walisimama kuuliza anafukia nini. Aliwajibu kwamba anavuta mtandao wake, na kama wanasubiri wa wakubwa, wausalimie ukishafika. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema ndaga, yaani asante, wakaenda zao.

Ikabaki kuvika vichwa. Upande wa Jovina, Jovina. Upande wa Hezroni, Hezroni, maana nani mwingine? Jovina akamletea kwa mkono wa Tusajigwe kipande cha waya kilichokwishavikwa kichwa, awe anakiiga, na koleo la kubania, na kopo la plastiki lililojaa vichwa vya kuharibu. Ndani ya waya mmoja mlikuwa na nyuzi nane, jozi nne zilizosokotana, rangi nzima na mwenzake mwenye mistari myeupe. Chungwa, kijani, buluu, kahawia. Zinafunguliwa, zinanyooshwa kwa vidole, zinapangwa sambamba, zinakatwa sawa, zinasukumwa kwenye kichwa mpaka zigonge mwisho.

Vichwa vya kwanza viliharibika. Vidole vilivyozoea kupasua kokoa vilizipitia zile nyuzi kama tembo kwenye kitalu. Lakini Hezroni alisuka matenga ya kuku tangu utoto, na alipoacha kuogopa akagundua kwamba kazi yenyewe ni kusuka. Akaona pia jambo lililomfurahisha. Jozi zote zilikaa pamoja, rangi na mwenzake, isipokuwa kijani. Kijani alikaa mbali na kijani mwenzake, na katikati yao wamepita buluu wawili. Akamwita dada yake aje aone.

"Hata humu wamo wanaoogopana," akamwambia. "Na ujumbe unapita."

Jovina akaleta testa. Ni kitu chenye vipande viwili, kimoja huchomekwa huku na kingine kule, kisha taa ndogo zinawaka moja baada ya nyingine, ya kwanza mpaka ya nane, pande zote kwa wakati mmoja. Hezroni akachomeka. Nyumba ya nyuma nayo ikachomeka. Moja ikawaka. Mbili. Tatu. Alizihesabu kwa sauti, na ilipowaka ya nane akapiga paja lake kofi ambalo kuku walilikimbia. Kisha zikaanza upya, moja, mbili, naye akatulia ghafla. Alikuwa amefikiri kwamba kule ng'ambo kuna mtu mwingine ameinamia taa hizo hizo, anahesabu hesabu ile ile. Hawajawahi kutazama kitu kimoja pamoja, yeye na yule mtoto.

Alasiri hiyo akachomeka kompyuta. Kwenye tundu lake kitaa cha kijani kikaanza kupepesa. Alifuata alivyofundishwa na Tusajigwe aliyefundishwa na Jovina: bonyeza hapa mara mbili, subiri, bonyeza pale. Na kweli, zikatokea folda za mkamwana wake, zimejipanga: Harusi, Kwaya, Kipaimara, Misiba. Akafungua harusi ya sufuria. Wakatokea wapambe wa zambarau, likatokea turubai, na kule kushoto, nyuma ya kichwa cha mtu mnene, kikatokea kitambaa cha njano.

Alikijua kitambaa hicho. Alikinunua yeye. Kichwa kikaanza kugeuka.

Picha ikaganda. Kitaa cha kijani kikazimika, na folda zote zikapotea kama hazikuwahi kuwapo.

Siku mbili waya ule ulimchezea. Unakuja, unakwenda. Folda zinajitokeza, ukizinyooshea mkono zinakimbia. Kitambaa cha njano alikiona mara nyingi, uso hakuuona hata mara moja. Testa wakirudisha inawasha taa zote nane bila kosa, ukirudisha kompyuta kitaa kinapepesa kidogo kinakufa. Na nyongo ikarudi yote. Akasema waya ni bandia. Akasema ameshaelewa: kuna mtu bandarini analipwa mshahara kuzuia vitu bandia naye amelala, na aliyempa kazi amelala, na aliyemchagua huyo wa juu kabisa ndiye huyo huyo aliyelala na kalavati. Akamrudia hata mwenye duka, mtu ambaye hajawahi kumwona. Akavaa viatu vya kwendea Kyela mjini, akabeba kipande cha waya kilichobaki ili akamtupie usoni.

Tusajigwe akamkuta getini. Alikuwa ametumwa na swali: kwenye ganda la waya pameandikwa namba, kila mita na namba yake. Upande wako inasomeka ngapi?

Hezroni alitaka kujua namba inahusiana nini na wizi. Lakini alirudi mpaka penye waya, akainama, akasoma, akamtajia. Tusajigwe akaenda nyumba ya nyuma, akakawia. Aliporudi alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, na haikuwa kwa sababu ya vumbi.

Jovina alikuwa ametoa namba kwa namba. Waya uliofukiwa ulizidi mita mia moja na sitini. Na waya wa namna hii, pumzi yake ni mita mia. Hadi hapo unapeleka ujumbe bila wasiwasi; ukizidi, ujumbe unafika umechoka, au haufiki. Testa yenyewe inaona tu kwamba nyuzi hazijakatika, haijui kuchoka. Jovina hakufikiri hata kuuliza mapema, kwa sababu ua wenyewe hauna hata mita arobaini. Sasa alikuwa anauliza, kwa heshima zote: huo waya umepita wapi?

Hezroni alisimama na viatu vyake vya mjini. Akatazama nyuma ya nyumba yake, migomba, banda la ng'ombe, masanduku ya kokoa. Uso wake ulikuwa unatafuta mtu wa kulaumu.

"Kaka," Tusajigwe akasema, na sasa kicheko kilikuwa kimemshinda, amekalia gunia, "safari hii diwani hayumo."

Alijaribu kujitetea. Aliuliza kama haiwezekani kukiweka kiboksi cha swichi katikati ya njia, pale kwenye masanduku ya kokoa, ujumbe upumzike kidogo uendelee. Jibu likaja kwamba inawezekana, ila kiboksi kinakula umeme, na kuvuta umeme chini ya kokoa zinazotiririsha maji ni kutafuta maiti mwingine. Basi. Zilikuwepo njia mbili tu. Ya kuzunguka ilikuwa na heshima na haimfikishi Tusekile. Ya kumfikisha Tusekile ilipita katikati ya ua, mbele ya mlango wa mkamwana.

Kesho yake hakwenda shambani. Alikaa kibarazani na kile kipicha cha kadi ya kura gotini. Alijua wazee wangesema nini. Alijua pia kwamba kwenye ile picha iliyoganda, kichwa kilikuwa kimeshaanza kugeuka. Ilipofika adhuhuri akamwita dada yake.

"Mwambie nitapita uani. Aniambie siku ambayo hayupo."

Tusajigwe hakuleta jibu la maneno. Alisema tu subiri uone.

Asubuhi iliyofuata Hezroni alipofungua mlango aliukuta ua umefagiliwa mpaka udongo umebaki na mistari ya ufagio. Kamba ya nguo haikuwepo. Pipa la maji lilikuwa limeburutwa mpaka nyuma ya jiko. Na kutoka chini ya dirisha lake mpaka chini ya dirisha la nyumba ya nyuma palikuwa na uzi mweupe wa katani, umekazwa kwenye vijiti vya kokoa, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Mkamwana amekwenda kupiga video ya kwaya, Tusajigwe alisema. Kakwambia uufuate uzi.

Sijui kama umewahi kumwona mzee akichimba kwa furaha. Hezroni alichimba kama anafukua hazina. Aliufuata uzi ule bila kupinda hata upana wa kidole, jembe likipanda na kushuka, na mvua ilipoanza hakuisikia. Dada yake alimfuata nyuma akipanga mabomba, akimtania kwamba akimaliza hapa aende akamchimbie na yule mwenye mpango. Hezroni akacheka. Akasema yule aachwe leo, leo hana nafasi naye.

Alipofika ukutani kwa Jovina mvua ilikuwa imepungua. Chini ya dirisha palikuwa na tundu lililotobolewa tayari. Akapiga magoti, akaanza kuuingiza waya ndani, kidogo kidogo. Uliingia kiasi cha urefu wa mkono, ukakwama. Akausukuma. Haukwenda.

Kisha ukavutwa.

Hezroni akashtuka, akauachia. Kwaya kumbe imeahirishwa kwa mvua, na Jovina ameingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa hapo hapo, upande wa pili wa ukuta, tofali moja tu kati yao, na waya umeshikwa huku na kule. Hezroni akafanya kitu pekee alichofundishwa kufanya. Akakohoa.

Waya ukasimama. Matone yalidondoka kwenye bati. Halafu ukavutwa tena, taratibu, mara mbili, kama mtu anavyovuta kamba ya kisima kumwambia aliye chini kwamba sawa, nimekushika. Hezroni akausukuma. Ukavutwa. Akausukuma. Ukavutwa. Walifanya kazi hiyo pamoja mpaka ukatosha, na alipoinuka magoti yake yalikuwa matope na macho yake sijui yalikuwa nini.

Saa kumi na moja jioni kitaa cha kijani kiliwaka kikabaki kinawaka. Akafungua harusi ya sufuria, na kichwa chenye kitambaa cha njano kikageuka mpaka mwisho. Alikuwa yeye. Pengo lake, sufuria yake, anamwambia mtu asiyeonekana kwamba nyama ya wakwe isiguswe. Hezroni akaiona mara nne. Akafungua nyingine, Tusekile anacheza. Nyingine, Tusekile amelala kwenye kiti wakati mchungaji anaombea keki. Alikuwa anacheka na kujifuta, anacheka na kujifuta, na Tusajigwe pembeni yake anamwonyesha kwa kidole, yule pale, yule pale, amepita.

Chini kabisa ya folda palikuwa na video fupi isiyo ya shughuli yoyote. Hezroni akaifungua. Ilikuwa hapa hapa nyumbani. Tusekile yuko kwenye meza za kuanikia, anageuza kokoa kwa mikono, na anayepiga ni Jovina, maana sauti yake inasikika nyuma ya kamera akijaribu kutamka maneno ya Kinyakyusa na kuyavunja. Mama mkwe anamfundisha. Ukimsikia anakohoa, unapinda. Jina lake hulitaji. Una neno lake, niletee mimi. Ana neno lako, nitakuletea mimi. Mimi ndiye mlango wenu.

Halafu akaacha kugeuza kokoa. Akaitazama kamera, bado anatabasamu, lakini kidogo.

"Na siku mlango ukiondoka," akauliza, "nyinyi wawili, nani atamsalimia mwenzake kwanza?"

Nyuma ya kamera Jovina akacheka bila kujibu, na video ikaishia hapo.

Tusajigwe, ambaye miaka yote hakukosa la kusema, alichukua sahani yake akasema amekumbuka amebandika maji, akaondoka. Hezroni alibaki ameketi. Na kutoka ng'ambo ya ua akaisikia sauti ya mkewe mara ya pili, ndogo, inapitia dirishani: kokoa, kikohozi, mlango. Kule nyumba ya nyuma video ile ile ilikuwa imefunguliwa. Ikafika mwisho. Jovina wa zamani akacheka.

Hezroni akainuka, akaenda mpaka mlangoni. Mtaro ulikuwa umefukiwa vizuri, mstari mmoja wa udongo mbichi umekata ua kutoka kwake mpaka kule. Ng'ambo, mlango wa nyumba ya nyuma ulikuwa wazi, na kwenye kizingiti palikuwa na kandambili mbili, miguu ikiwa ndani yake, ambazo, safari hii, hazikukimbia. Kikohozi kilimjia kooni, akakizuia.

Nani atamsalimia mwenzake kwanza?